Galbijjim: mbavu za ng'ombe za Kikorea, zinapikwa taratibu nyumbani mpaka zinaachia mfupa

Kuna watu wakisikia chakula cha Kikorea wanawaza pilipili tu, kila kitu chekundu, kila kitu kinawasha. Galbijjim haiko hivyo. Hii ni mbavu fupi za ng'ombe zinapikwa kwa moto mdogo ndani ya soya sosi, tunda la pea (peasi, sio parachichi), kitunguu saumu na mafuta ya ufuta, rangi inakuja kahawia ya kung'aa, utamu na chumvi vimekaa pamoja, na hata mtoto mdogo anakula bila kutoa machozi. Kwao ni chakula cha sikukuu, utakikuta mezani siku ya Chuseok, ile sikukuu ya mavuno inayoangukia tarehe 15 ya mwezi wa 8 kwa kalenda ya mwezi, na siku ya Seollal ambao ndo mwaka mpya wao. Nyama ya ng'ombe Korea haijawahi kuwa kitu cha kuchezea, enzi za wafalme wa Joseon kulikuwa na amri za kukataza kuchinja ng'ombe hovyo maana ng'ombe ndo alikuwa analima, na mpaka leo ng'ombe wao wa asili, hanwoo, bei yake inafanya mtu afikirie mara mbili. Kwa hiyo wakipika hii wanaipika kwa adabu.

Kuipika yenyewe ni rahisi, tatizo ni muda. Tenga masaa 4, ukiweza gawa kazi iwe siku mbili, ntaeleza kwa nini huko mbele. Na kuna jambo nataka ulishike kabla hatujawasha jiko: watu wanahangaika sana na sosi, wanatafuta resipe yenye vitu 20, wanabishana asali au sukari, wakati kinachofanya galbijjim ya mtu iwe safi na ya mwenzake iwe na harufu nzito na mafuta yanayoelea ni kile alichoifanyia nyama kabla sosi haijaingia na kile alichofanya baada ya nyama kuiva. Sosi iko katikati tu hapo na haihitaji makeke.

Tuanze na nyama maana hapo ndo hela inaenda. Unataka mbavu fupi zenye mfupa, kila kipande kiwe na mfupa mmoja, urefu kama sentimita 5 au 6, na juu ya mfupa nyama nene yenye mistari ya mafuta ndani yake. Kilo 1 na nusu inatosha watu 4, usishangae, mifupa inakula uzito na nyama ikiiva inasinyaa. Mwambie mtu wa bucha akate kwa msumeno, akitumia panga mfupa unapasuka na vile vipande vidogo vinajificha kwenye nyama halafu vinakuja kukutana na jino la mgeni wako. Ukiona mbavu zimekatwa nyembamba ndefu zenye vimifupa vitatu vya duara kwenye kila kipande, hizo wanaita LA galbi, ni za kuchoma, zinalowekwa na kuchomwa dakika chache basi, ukizitia kwenye sufuria masaa mawili zinageuka nyuzi. Hata mji wa Suwon huko Korea ambao umejijengea jina kwa galbi, yaani mbavu, wao sifa yao ni ya kuchoma, mambo mawili tofauti kabisa.

Hujapata mbavu fupi? Muundi unafaa, mkia unafaa sana (ila uongeze saa zima), kidari kinafaa kikikatwa vipande vikubwa. Kitu unachotafuta ni sehemu ya mnyama iliyofanya kazi, yenye utando mweupe na mishipa, kwa sababu ule utando ndo ukipata moto mdogo kwa muda mrefu unayeyuka na kuwa kama gundi laini inayoufanya mchuzi ushike midomo. Steki ya bei mbaya isiyo na mafuta itakauka humo ndani na hutaamini kama ulinunua kitu cha maana. Tafadhali usifanye hivyo.

Ukishafika nyumbani toa mafuta ya nje yale mazito, ya kati yaache. Ule utando mwembamba uliobana nyama kwenye mfupa usiuguse, ukiuondoa nyama itabanduka mapema na utapakua mifupa pembeni na nyama pembeni, galbijjim inatakiwa ifike mezani bado imeshikana na mfupa wake halafu iachie mdomoni. Chanja juu ya nyama mistari miwili mitatu, kina kama nusu sentimita.

Sasa loweka. Maji ya baridi yafunike nyama, saa 1, na katikati ubadilishe maji mara mbili au tatu. Maji ya kwanza yatakuwa mekundu kabisa, ya pili ya pinki, ya mwisho karibu yawe meupe. Kama jiko lako lina joto weka bakuli kwenye friji. Hii hatua ndo watu wanaruka wakidhani ni mbwembwe, lakini damu inayobaki karibu na mfupa ndo inaleta ile harufu nzito ya nyama, na kwenye mchuzi wa soya wenye utamu ile harufu haifichiki, inajitokeza zaidi.

Baada ya hapo chemsha maji mengi kwenye sufuria kubwa, yakichemka kweli kweli tumbukiza nyama, tia vipande viwili vya tangawizi ukipenda, acha dakika 7 au 8 bila mfuniko. Angalia kinachopanda juu: povu la kijivu, linakuja na madonge madonge ya kahawia, linajikusanya pembeni ya sufuria na kuacha pete. Mwaga maji yote. Ndiyo, yote. Najua kuna mtu hapa anasema unamwaga utamu, lakini dakika 8 hazitoshi utamu kutoka, kilichotoka ni damu iliyoganda na mafuta ya juu, na utamu mwingi wa masaa mawili yanayokuja uko bado ndani. Halafu osha kila kipande kimoja kimoja chini ya bomba, maji ya uvuguvugu, pitisha kidole pale mfupa ulipokatwa maana kuna kauchafu keusi kanajificha kwenye uboho, kasugue katoke. Na sufuria nayo oshwa, ile pete usiirudishe kwenye chakula. Ukimaliza utakuwa na mbavu za rangi ya kijivu, hazina mvuto hata kidogo, ukimpigia mtu picha hatokuja kula. Usijali.

Kuna wanaopenda kukaanga nyama kwanza ipate rangi kabla ya kupika taratibu, ndo mtindo wa Ulaya. Galbijjim ya kawaida haifanyi hivyo, rangi inatoka kwenye soya na ile kukaukia mwishoni, na mi naona ukikaanga unapata chakula kizuri ila kinaelekea sehemu nyingine, kinakuwa kizito. Chaguo ni lako.

Sosi. Kwa ile kilo 1 na nusu unahitaji soya sosi nusu kikombe kwa kikombe cha mililita 250, pea moja kubwa la Kikorea au mawili ya kawaida, nusu ya kitunguu maji, punje 6 mpaka 8 za kitunguu saumu, tangawizi kipande kama ncha ya kidole gumba, sukari ya kahawia vijiko vikubwa 2 (au asali), pombe ya mchele vijiko vikubwa 3, pilipili manga ya kusagwa nusu kijiko cha chai, na mafuta ya ufuta kijiko kikubwa 1 ambayo utayaweka pembeni, hayaingii sasa. Pea, kitunguu maji, saumu na tangawizi vyote saga kwenye blenda na maji kidogo. Ukitaka mchuzi msafi wa kung'aa chuja kwa chujio la matundu madogo au kitambaa, ukamue kabisa ubaki na makapi makavu. Usipochuja hakuna atakayekufa, mchuzi utakuwa na chembechembe na utashika chini haraka, ndo tofauti yake. Changanya na soya na vingine vilivyobaki, onja: inatakiwa iwe tamu kuliko unavyotaka na ya chumvi kuliko unavyotaka.

Hutumii pombe kwa sababu ya dini au basi tu, iache, ongeza tangawizi kidogo na robo ya pea. Kazi ya pombe hapa ni kupunguza harufu ya nyama, na wewe ulishaloweka na kuchemsha ukamwaga, kwa hiyo hasara ni ndogo.

Kuhusu soya sosi yenyewe angalia chupa. Wakorea wana ya supu, guk-ganjang, nyepesi kwa rangi lakini ina chumvi balaa, na wana ya mapishi ya kawaida, jin-ganjang, nyeusi zaidi na chumvi yake imetulia. Unataka hiyo ya pili. Soya sosi ya kawaida iliyochachushwa, ya Kijapani mfano, inafaa bila shida. Ile ya Kichina nyeusi tii nzito kama sharubati achana nayo, itakufanya nyama iwe kama mkaa kwa rangi halafu ladha haipo.

Na hili la pea niliseme vizuri maana limekuzwa sana. Kuna dhana kwamba pea ndo linalainisha nyama, ndo maana wanasema usikose pea. Ni kweli pea bichi lina vimeng'enya vinavyokata protini, na kiwi na nanasi ndo zaidi, lakini vimeng'enya vinakufa kwa joto, sasa kitu kitakaa motoni masaa mawili, dakika za mwanzo tu vimeshakufa. Kwenye nyama ya kuchoma inayolowekwa usiku kucha hapo sawa, pea lina kazi hiyo. Kwenye galbijjim pea linaleta utamu wa matunda usio mkali kama wa sukari, na linaupa mchuzi mwili. Pea za Kikorea ni kubwa, za duara, ngozi ya kahawia, zina maji mengi, mji wa Naju huko kusini ndo unasifika kwa kuzilima. Usipozipata tumia pea la kawaida lililoiva au tofaa tamu. Kiwi na nanasi visiingie, hasa kama unapanga kuloweka nyama kwenye sosi kabla ya kupika, nyama itakuwa rojorojo kwa nje na hamna wa kuirudisha.

Haya, kupika sasa. Panga mbavu kwenye sufuria nzito yenye kitako kinene, upande wa mfupa chini ukiweza, mimina theluthi mbili za sosi, theluthi moja weka kwenye friji. Usimimine yote. Maji yatapungua kwa masaa mawili, chumvi haipungui, ukimimina yote mwanzoni ukifika mwisho mchuzi umekuwa chumvi tupu. Ongeza maji mpaka nyama ifunikwe kwa shida, kama vikombe 4. Kama ulikuwa na uyoga mkavu wa shiitake na umeuloweka, yale maji yake ya kahawia tumia hapa badala ya sehemu ya maji, usiyamwage, ila acha ile michanga ya chini kwenye bakuli.

Chemsha kwa moto mkali, ondoa povu kama linakuja (litakuja kidogo sana sababu ulifanya kazi yako), halafu shusha moto. Shusha kweli. Unataka kuona kipovu kinapanda hapa, kinapasuka, kisha kingine kule, uso wa mchuzi unatikisika tu. Ukiona unarukaruka moto ni mkubwa. Funika, uache mfuniko upenyo wa kidole. Saa 1 na nusu.

Sasa kuna kitu kitatokea kama ukichungulia dakika ya 40 au 50: nyama itakuwa ngumu. Ngumu kuliko ulivyoiweka. Watu wanapaniki hapa, wanaongeza moto au wanasema nimeuziwa ng'ombe mzee. Tulia. Nyuzi za nyama zikipata joto zinajikaza na kutoa maji, hiyo inatokea mapema, lakini ule utando unaoshikilia nyuzi unahitaji muda mrefu kwenye joto la kama nyuzi 80 za Selsiasi kwenda juu ndo uanze kuyeyuka kwa maana. Kwa hiyo kuna kipindi hapo katikati nyama imeshakaza na utando haujayeyuka. Ukiongeza moto unakaza zaidi. Ukisubiri inafunguka yenyewe.

Wakati inasubiri shughulika na mboga. Figili nyeupe ya Kikorea au ile ndefu ya Kijapani, kama gramu 300, karoti 2, uyoga wa shiitake 5, chesnati (kokwa za mti, kama njugu kubwa) 8 zilizomenywa na kunazi nyekundu zilizokaushwa 5 au 6. Chesnati na kunazi ndo zinaleta ile sura ya sikukuu, usipozipata chakula bado ni chakula, wala usitafute mbadala wa ajabu, ongeza karoti yaishe. Figili lakini ipambanie. Figili ikikaa kwenye huu mchuzi nusu saa inakunywa kila kitu, inakuwa ya kahawia mpaka katikati, laini, na kuna watu mezani watagombania figili wakaacha nyama, nawajua.

Kata figili na karoti vipande vikubwa vya saizi ya nyama yako, halafu chukua kisu kidogo uzungushe kwenye kona zote, zile ncha kali zitoke, kipande kiwe cha mviringo mviringo. Inaonekana kama urembo ila ina sababu, kona kali zikichemka zinagongana zinamomonyoka na kuuchafua mchuzi, ukiwa umehangaika kuchuja sosi halafu unaishia na uji wa karoti inauma.

Saa 1 na nusu ikifika choma nyama na kijiti. Kiingie kwa ulaini lakini nyama isiwe imeanza kuachia. Ikiwa bado imekaza subiri nusu saa nyingine kabla ya kuweka mboga, mbavu hazifanani, za mnyama mkubwa zinaweza kuchukua masaa 2 na nusu. Ikiwa tayari weka figili, karoti, uyoga na chesnati, mimina ile sosi iliyobaki, moto uleule mdogo, dakika 20, halafu kunazi, dakika 10 zaidi. Usikoroge na mwiko sasa hivi, tikisa sufuria au nyanyua mchuzi kwa upawa umwagie juu. Nyama imefika mahali haitaki kuguswa.

Ukifika hapa una njia mbili. Kama wageni wako njiani, toa mafuta ya juu kwa kijiko, unainamisha sufuria yanakusanyika upande mmoja unayateka, sio kazi kamilifu lakini inasaidia. Kama una muda, njia ya pili ndo yenyewe: epua, acha ipoe, toa mboga uziweke bakuli la pembeni, nyama na mchuzi vilale kwenye friji. Usiache sufuria juu ya jiko usiku kucha ukidhani itapoa, sufuria nzito inakaa na joto la uvuguvugu masaa mengi na bakteria ndo wanachopenda, gawa kwenye vyombo vifupi ipoe haraka, ndani ya masaa 2 iwe imeingia friji. Asubuhi utakuta mafuta yameganda juu, tabaka jeupe, wakati mwingine nene kama sarafu mbili, unalivunja kwa kisu na kulinyanyua vipande vipande. Chini yake mchuzi umeganda unatikisika kama jeli. Ukiona jeli hiyo ujue umeshinda, huo ndo ule utando ulioyeyuka. Na ladha inakuwa imeingia ndani ya nyama kwa namna ambayo hata ukipika masaa 6 mfululizo huipati.

Mbavu ni kipande chenye mafuta sana, mtu asikudanganye, na galbijjim isiyotolewa mafuta unakula vipande viwili unashiba vibaya. Ndo maana nasema kazi iko mwanzoni na mwishoni.

Kumalizia: rudisha nyama na mchuzi motoni taratibu mpaka jeli iyeyuke, onja sasa, sio kabla. Ikiwa pungufu chumvi ongeza soya kijiko kimoja, ikiwa kali chumvi ongeza maji na figili zaidi. Ikikaa sawa ongeza moto uwe wa kati kwenda juu, mfuniko pembeni, na usiondoke hapo. Hapa ndo unakaukisha mchuzi. Mwagia nyama kila dakika kwa upawa. Mapovu yatabadilika, mwanzo madogo ya maji maji yanapasuka haraka, baadaye makubwa, mazito, yanachelewa kupasuka na sauti inakuwa nzito. Pitisha mwiko chini ya sufuria, ukiacha njia inayokaa sekunde mbili kabla haijafunika, zima. Hapo hapo kijiko kikubwa cha sharubati ya mahindi au ya mchele, wanayoiita mulyeot, kinaleta ule mng'ao wa kwenye picha, usipokuwa nayo asali kidogo inatosha. Rudisha mboga, geuza mara moja, halafu ndo mafuta ya ufuta yaingie moto ukiwa umezimwa, harufu yake ni nyepesi, ukiyachemsha masaa mawili umeyatupa.

Wanaotaka ya kuwasha, ipo, na ni ya kwao kabisa, sio ya kubuni. Mji wa Daegu una mtaa unaitwa Dongin-dong ambao umejulikana kwa hii, mbavu zinapikwa na vitunguu saumu vya kusagwa kwa wingi wa kutisha na unga wa pilipili nyekundu, zinaletwa mezani kwenye masufuria mepesi ya kizamani yaliyobonyea bonyea, na ni kitu kingine, kikali, kina kelele, hakina upole wa ile ya sikukuu. Kufanya nyumbani pika kila kitu kama nilivyosema mpaka nyama ilainike, ukifika kwenye kumalizia weka vijiko vikubwa 2 vya unga wa pilipili wa Kikorea, gochugaru, kijiko 1 cha gochujang (rojo la pilipili lililochachushwa), na saumu mbichi iliyopondwa vijiko vikubwa 2 au hata 3, punguza soya kidogo maana gochujang ina chumvi yake. Gochujang usiiweke mwanzoni, ina unga wa mchele ndani, inashika chini ya sufuria na ikiungua uchungu wake hauondoki. Unga wa pilipili wa kawaida wa nchi nyingine unawasha zaidi na rangi hauna, ukitumia huo punguza nusu. Kuna migahawa siku hizi inamwaga chizi juu inaichoma na moto wa gesi mpaka ivutike, inapiga picha vizuri. Mi naona chizi inazima kila kitu ulichokaa kukijenga, ila kama ndo unachopenda ni jiko lako.

Wenye sufuria ya presha: hatua za kuloweka, kuchemsha na kumwaga zinabaki palepale, presha haisafishi nyama. Maji punguza mpaka vikombe 2 tu sababu hayatoki, dakika 30 tangu presha ishike, acha ipungue yenyewe, fungua, weka mboga upike bila presha dakika 15 mpaka 20, kaukisha. Nyama inalainika vizuri, mchuzi unakuwa mwepesi kidogo kwa hiyo ile ya mwisho iongezee dakika. Ukiweka mboga pamoja na nyama kwenye presha utafungua ukute figili zimetoweka. Kwenye oveni nayo inakubali, nyuzi 160 za Selsiasi, sufuria iliyofunikwa vizuri, masaa 2 na nusu mpaka 3, faida yake ni moto unakuja pande zote na hakuna cha kushika chini.

Mezani wali mweupe wa Kikorea ule wa kushikana, kimchi (kabichi iliyochachushwa na pilipili), na kitu kimoja cha kijani chenye siki, basi, usirundike vitu vitamu vingine pembeni. Ukitaka iwe ya sikukuu kweli tenganisha yai, kiini na ute, kila kimoja kikaange chembamba kama karatasi kwa moto mdogo bila kubadilika rangi, kata vipande vya umbo la almasi utandaze juu, njano na nyeupe juu ya kahawia, na karanga za msonobari chache. Kwa Wakorea mkubwa wa familia ndo anaanza kunyanyua kijiko, wengine mnafuata. Na mkasi mezani sio aibu, wao wanakata nyama kwa mkasi wa jikoni kawaida kabisa, hasa kwa watoto na wazee.

Ikibaki inakaa friji siku 3 au 4, pasha taratibu na maji kidogo. Vipande vya mwisho mwisho ambavyo havina sura, toa mifupa, katakata nyama ndogo ndogo, kaanga wali wa jana na ule mchuzi uliobaki chini, kimchi iliyokatwa, mafuta ya ufuta tone, ubandike kwenye sufuria bila kukoroga dakika 2 wali ushike ukoko kwa chini, na mwani mkavu uliovunjwavunjwa juu. Mchuzi usiutie wote kwa pamoja, tia vijiko viwili vitatu uonje, ukizidi wali unalowa na huo ukoko hutaupata.